Boga la Mama Mkwe

Flaviana alijua kwamba leo ndiyo leo kwa jinsi makabati yalivyokuwa yakibamizwa. Mwenzake aliyekuwa akiishi naye katika fleti ile ya Euless, Texas, Lubna binti Aboud, mwanamke wa Unguja mwenye kawaida ya kutembea jikoni kama paka, alfajiri hiyo alikuwa anaangusha vijiko, anafungua oveni, anafunga oveni, na juu ya yote anaimba. Flaviana akatoka chumbani na kanga yake ya kulalia, akaegemea mlango.

"Shoga, watu wamelala."

"Waamke. Leo Thanksgiving, sikukuu."

"Sikukuu ya bata mzinga! Tangu lini Mzanzibari akawa na haja na bata mzinga?"

"Bata mzinga wao. Mie nina boga langu."

Na alikuwa nalo kweli. Trei tatu zilikuwa zimepangwa mezani, zikipoa, na nyumba nzima inanukia iliki na mdalasini. Upishi wenyewe hauna makuu. Lubna aliupata katika ghala la mizigo la karibu na uwanja wa ndege anakofanya kazi, msimu ule wa kwanza alipokuwa mgeni na akina mama wa Kimarekani walipoanza kuleta vyakula vya majira ya majani kuanguka kwenye chumba cha mapumziko. Unaponda biskuti, unazichanganya na siagi iliyoyeyuka, unazishindilia chini ya trei. Unakoroga boga la kopo na mayai na sukari, unamwaga juu, unatia ovenini. Likiiva na kupoa unalipaka krimu ya jibini laini, kisha unalikata vipande vya mraba. Hata mvivu analiweza. Lubna aliongeza vya kwao tu, tui zito la nazi badala ya maziwa ya kopo, na iliki aliyoitwanga mwenyewe. Kazi ngumu ilikuwa moja, nayo ni kungoja lipoe ndipo ukate, maana ukilikata na moto wake linabomoka.

Na kungoja, jamani, nani amshinde Lubna? Mwaka wa pili huu alikuwa anamngoja Swafwani.

Walikutana harusini DeSoto, mji wa jirani na Dallas. Swafwani alikuwa amepanda kutoka Houston, kijana wa Mombasa mwenye mabega mapana na sauti ya chini, anafanya kazi na mashine za kupumulia katika hospitali moja kubwa ya kule. Alimpisha Lubna kwenye mstari wa pilau, akamtazama, akasahau kuchukua sahani yake. Tangu siku hiyo kila mwezi akawa anaendesha gari kuja Euless, wanakaa mkahawani wanaongea mpaka wahudumu wanaanza kupindua viti, na akirudi kwao anarudi na trei ya boga kwa ajili ya mama yake.

"Anakula amefumba macho," alikuwa akimwambia kwenye simu. "Jana amenificha vipande viwili vya mwisho. Mama yangu mzazi!"

"Sasa si umwambie nani anavipika?"

Hapo Swafwani alikuwa anashusha pumzi. "Lubna, mamangu ni mtu wa zamani. Mwanamke aliyeachika kwake ni neno zito. Nipe muda nimlainishe."

Neno hilo lilimchoma Lubna kila liliposemwa. Aliolewa mapema, akaachwa mapema, akabeba lawama ambayo hakuitafuta. Alilia mbele ya Swafwani kwa ajili ya talaka ile, naye Swafwani alimfuta machozi. Basi akakubali kungoja. Akaendelea kupika, na kila alipoikoroga iliki ile alikuwa anajiambia kwamba anamlainisha mama mkwe.

Sasa wiki hii ndiyo simu iliyokuwa ikingojwa ikaja. Trei tatu, Lubna. Nyumba itajaa watu. Tukutane kwanza kwenye maegesho ya maduka karibu na kwetu, mimi nitangulie na chakula. Mama ale, asifu mbele za watu. Hapo ndipo nitakapokuja kukuchukua nikuingize, na hataweza kuurudisha ulimi wake.

"Na wewe utakuwa umekaa kwenye gari?" Flaviana aliuliza sasa, akiwa amejipakulia makombo ya biskuti. "Mbona usiingie na chakula chako mkononi? Kwetu Bukoba mgeni huingia na kapu lake."

"Kila watu na desturi zao, shoga."

"Hiyo si desturi. Huko ni kufichwa."

"Flaviana, usinitie nuksi na safari iko mbele."

"Haya, nimenyamaza." Akamsogelea, akamweka sawa mtandio wake mpya wa rangi ya damu ya mzee, akamnusa udi shingoni, akacheka. "Nenda, mwaya. Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi. Lakini mtu akikwambia ukae garini, muulize kwa nini."

Barabara ya kwenda Houston ilikuwa nyeupe. Watu walikwisha kufika kwa ndugu zao tangu jana, na Lubna akawa anaendesha huku anajifundisha maneno. Shikamoo mama. Mimi ndiye Lubna. Hapana, aanze Swafwani kunitaja. Shikamoo mama, nashukuru kukujua. Akajicheka peke yake, akajitazama kwenye kioo, akajiona mzuri, na si uongo, alikuwa mzuri siku ile.

Alifika mapema kuliko walivyoagana. Akampigia Swafwani simu, haikupokewa. Akamtumia ujumbe, kimya. Akangoja. Huko Euless alitoka na kibaridi, lakini Houston haina habari na majira, jua lilikuwa linawaka na unyevunyevu umejaa hewani. Alizima gari ili asimalize mafuta. Baadaye alipofunua trei ya juu akaona krimu inatoa jasho na upande mmoja imeanza kuteleza.

Akapiga tena. Haikupokewa.

Sasa mpishi yeyote atakwambia, krimu haina subira ya mapenzi. Lubna aliijua anwani ya nyumba ile, maana Idi iliyopita alimtumia mama mtandio kwa posta, kwa jina la Swafwani. Akajisemea kwamba atafika tu, atampa mtu yeyote mlangoni trei zitiwe kwenye friji, kisha atarudi kukaa garini kama alivyoambiwa. Akawasha gari akaelekea nyumbani kwao, Pearland, pembeni mwa Houston.

Nyumba ilikuwa kubwa, ya matofali, na kibarazani wamepanga maboga ya mapambo kama majirani wote. Gereji ilikuwa wazi. Kabla hajabisha, mlango wa ndani wa gereji ukafunguka akatokea msichana mrembo, abaya ya kijani, aproni mpya ambayo haijapata kuona mafuta. Alipoziona zile trei macho yakamng'aa.

"Oh my God, wewe ndiye dada wa boga! Ingia, ingia haraka, kabla mama hajatuona. Swafwani alisema angezifuata mwenyewe. Amekwenda kununua barafu. Mimi Jannat."

"Lubna," akasema, na akaingia, kwa sababu mikono ilikuwa imejaa na yule msichana alikwisha kumshika kiwiko.

Jikoni hamkuwa na mtu. Sauti za wanawake zilikuwa zinatoka sebuleni. Jannat akafungua friji kubwa, akaanza kupanga trei huku anaongea kwa haraka na kwa furaha ya mtu ambaye siku yake imefika.

"Nilidhani wewe ni mtu mzima. Swafwani alinambia ni mama mmoja wa Dallas anachukua oda. You're so young! Wallahi umeniokoa, hujui tu."

"Nimekuokoa vipi?"

"Aa, ni story ndefu." Jannat akaangalia mlango, akapunguza sauti. "Mama yake alikuwa hanitaki kabisa. Alisema siwezi hata kukaanga yai, nitamlaza mwanawe na njaa. Which is true, mimi nimezaliwa hapa, nimesoma tu, jikoni sijui kitu. Basi Swafwani akaanza kumletea hizi bars zako, akamwambia nimepika mimi. Kidogo kidogo mama akalainika. Ramadhani iliyopita akaanza kuniita mwanangu."

Lubna alikuwa ameshika ukingo wa kaunta. Alijisikia kama mtu aliyekosea ngazi gizani, mguu umeshuka lakini chini haujapakuta.

"Na leo kuna nini?" akauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Hajakwambia? Leo babangu na wajomba wanaleta jibu la posa. Ni yes, of course. Zamani mwari asingekanyaga kwa wakwe siku kama hii, lakini mama mwenyewe kasema nije, anataka watu wale boga langu na waone limetoka mikononi mwangu." Akacheka, kisha akamwona Lubna usoni. "Dada, uko sawa? Nikupe maji?"

Kabla hajajibiwa, mlango wa sebuleni ukasukumwa. Akaingia mwanamke mfupi mnene, kanga mbili, miwani imening'inia kifuani, na macho yasiyokosa kitu. Huyu ndiye Bimdogo, mama yake Swafwani, ambaye kwa miaka miwili Lubna alikuwa anamwogopa bila ya kumjua.

"Jannat, hilo boga umesha..." Akasita. "Ah, tuna mgeni. Karibu, mwanangu."

"Shikamoo mama," Lubna akasema. Akaushika mkono wake akaubusu, na mkono ule ulikuwa wa joto na unanukia kitunguu.

"Marahaba. Mwana wa nani wewe? Sura hii siijui."

Na hapo, kama kwamba ameitwa, Swafwani akaingia kutoka gereji na mfuko wa barafu begani. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Akamwona Lubna. Mfuko ukamteleza ukaanguka miguuni, vipande vya barafu vikatawanyika sakafuni, na hakuna aliyeinama kuviokota.

Lubna akamtazama. Macho yale aliyajua kuliko njia ya kwenda kazini. Aliyaona yamechoka baada ya zamu, aliyaona yakicheka, aliyaona yameloa siku alipomwelezea habari ya talaka yake. Sasa yalikuwa yanamwomba. Yalikuwa yanasema nifichie, tafadhali, kwa leo tu. Na moyo wa mwanamke, Mungu ausamehe, bado ulitaka kumfichia.

"Mama yako ananiuliza mimi ni nani," akamwambia taratibu. "Mwambie, Swafwani."

Alimpa nafasi. Laiti angeitumia hata kwa nusu ya neno, pengine kisa hiki kingekwenda njia nyingine.

Swafwani akamgeukia mama yake. "Ni... ni dada wa oda, mama. Huwa tunanunua kwake vitu."

"Oda ya nini?" Bimdogo akavaa miwani yake.

Jannat alikuwa anatazama sakafu.

Lubna alidhani atalia, lakini kilichompanda hakikuwa kilio, ilikuwa hasira, tena hasira safi. "Ya boga, mama," akasema. "Boga lote ulilokula tangu mwaka juzi nimelipika mimi. Ila hakununua hata trei moja. Alinambia anakupelekea wewe ili unikubali mimi. Alisema wewe hutaki mkwe aliyeachika, na mimi nimeachika, kwa hivyo nipike, ningoje ulainike."

Bimdogo hakumtazama Lubna. Alimtazama mwanawe, kwa muda mrefu, mpaka Swafwani akaanza kukunja mikono ya kanzu yake kama mtoto.

"Aliyeachika?" akasema. "Mimi?"

"Mama, tuzungumze baadaye. Watu wako karibu kufika."

"Nyamaza. Nimekuuliza. Mimi ndiye nisiyetaka aliyeachika?" Akamgeukia Lubna. "Mwanangu, mimi niliachwa Lamu na mtoto mchanga mgongoni. Baba yake huyu, Mungu amrehemu, alinichukua na talaka yangu na mtoto wangu, akanitunza hadi akaingia kaburini. Dada mkubwa wa huyu ni wa mume wangu wa kwanza. Anajua. Hii ni habari aliyonyonya nayo maziwa! Niliyemkataa mimi ni huyu hapa," akamwonyesha Jannat kwa kidevu, "na sikumkataa kwa ubaya, nilisema hajui jiko. Ndipo mwanangu akaja na boga."

Jannat akavua ile aproni, akaiweka kwenye kaunta bila sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Lubna, I swear, sikujua. Alisema ni oda tu."

"Najua, mdogo wangu."

Na alijua kweli, wala hakuwa na kinyongo naye. Kilichokuwa kinamuuma ni kingine. Miaka miwili alikuwa amesimama mbele ya ukuta, akiukwangua kwa kucha, na ukuta wenyewe haukuwapo. Hakuna mama aliyemkataa, wala ukoo uliomkunjia uso. Swafwani alipajua pale panapomuuma, maana yeye mwenyewe alimwonyesha akilia, akapachukua pale pale akampikisha kwa ajili ya mwenzake. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomposea mtu mwingine. Alijionea aibu, akamchukia, na bado alimpenda, yote kwa pamoja, na hakujua aanze na lipi.

Kengele ya mlango wa mbele ikalia. Sauti nzito za wanaume zikasikika kibarazani, zikicheka. "Hodi! Hodi wenyewe! Wageni wenu tumekuja!"

"Baba," Jannat akanong'ona.

"Swafwani," Bimdogo akasema, "kawafungulie wazee. Uwaambie mwenyewe. Mimi kinywa changu sikitii humo." Kisha akamshika Lubna mkono. "Na wewe usiende. Kaa, mwanangu. Nimekula jasho lako nikamsifu mwingine. Nisamehe, lakini kaa."

"Nimeshakusamehe, mama. Hukunikosea kitu." Lubna akaubusu mkono ule mara ya pili. Alikuwa amejifundisha maneno mengi njiani, na hakuna hata moja lililomfaa. "Ningependa sana kuwa mkweo."

Akapita juu ya barafu, akatoka kwa gereji.

Alikuwa amekwisha kuingia garini aliposikia kanzu inakimbia. Swafwani akashika kioo kilichokuwa nusu wazi.

"Lubna, ngoja. Nisikilize. Ulikuwa uongo mdogo tu, nikanaswa."

"Kila mwezi unaendesha gari kwa saa nne kuja kuchukua uongo mdogo?"

"Nilikuwa nakuja kwa ajili yako! Kweli kabisa. Jannat ni... babake na babangu walikuwa marafiki, ana shahada, ana familia hapa, kila mtu alitarajia. Nilitaka mambo yakae sawa. Kwako ndiko nilikokuwa napumua."

"Na mimi nipumulie wapi?"

Mikono yake ilikuwa bado juu ya kioo, na Lubna akatamani kuishika, akajikaza.

"Niambie nifanye nini," Swafwani akasema. "Lolote. Ukitaka niende nikawarudishe wale wazee, naenda."

"Nenda."

Alisimama pale pale. Kibarazani wazee walikuwa wanapiga kengele mara ya pili, wakiitana majina, mmoja anauliza kama ndiyo nyumba hii. Swafwani akatazama viatu vyake. Lubna akangoja, kwa sababu hata sasa sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inamhesabia kila hatua ambayo hakuipiga.

"Sikiliza," akasema mwishowe, "nipe wiki moja. Nitayaweka sawa. Lubna, mimi nakupenda."

Aliwahi kumwambia hivyo kwenye simu, usiku, kwa kunong'ona. Mchana hakupata kumwambia, wala kwa sauti ya kawaida, wala nje ya nyumba ya mama yake. Lilikuwa ndilo neno ambalo Lubna angelifuata hata lingekuwa mwisho wa Texas, na kwa pumzi moja alikaribia kuufungua mlango wa gari.

Swafwani akageuza shingo, akatazama upande wa kibarazani, kuona kama kuna aliyemsikia.

Lubna akapandisha kioo. Akarudi nyuma taratibu, asije akaligonga gari la babake Jannat, akaondoka.